Kaa wa Tunu na Asali ya Mama Mkwe

Mimi aibu nimezipata nyingi, sikatai. Nimewahi kuteleza kwenye ngazi za umeme za treni pale Silver Spring nikiwa na sufuria ya pilau, wali ukatangulia chini na mimi nikaufuata, na nimewahi kumwambia daktari mkuu wa kazini kwetu anisogezee kiti nikidhani ni mfanya usafi mpya. Hizo zote nikizikumbuka nacheka. Lakini hii ya asali, jamani, nikisikia mtu anaianza kwenye shughuli najifanya naenda kuangalia chai jikoni. Leo naisimulia mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia wanaongeza chumvi, na ilivyokuwa tu inatosha.

Wakati huo tulikuwa tunakaa huku ng'ambo, Riverdale Park, ghorofa ya tatu, mimi, mume wangu Kassim na binti yetu Tunu wa miaka tisa. Kassim ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo wa Kisarawe, na kama mnavyojua hao wawili ni watani tangu enzi za misafara, wakikutana hata msibani lazima warushiane maneno, na mmoja akimvua mwenzake kofia akaondoka nayo, hadaiwi. Sasa mama yake Kassim, Bi Nyamizi, katika miaka kumi ya ndoa yetu hakuwahi kunitania hata mara moja. Tulikuwa tunampigia kwa zile kadi za simu (unakwangua namba, unabonyeza tarakimu mpaka kidole kinauma, halafu dakika zinaisha mko bado kwenye salamu) na mazungumzo yetu yalikuwa ni haya tu: "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe. Hamjambo? Mjukuu hajambo? Nipe Kassim." Basi. Heshima tupu, na heshima ikizidi inakuwa baridi. Kassim alikuwa ananiambia, "Wewe subiri, mama akikutania ujue ndiyo umeingia kwenye ukoo." Nikasubiri. Miaka kumi nasubiri kutukanwa na mama mkwe kama mtu anayesubiri viza.

Kiangazi kile Bi Nyamizi akaja. Akashuka kwenye ndege na mabegi mawili na ndoo ya plastiki yenye asali na masega yake, imefungwa kitambaa na kuzungushiwa mkanda wa gundi. Pale uwanjani maofisa waliifungua, wakanusa, wakajadiliana, yeye amesimama kimya na mtandio wake, wakamrudishia. Alipofika nyumbani aliizungushia mkanda upya mwenyewe, akaisukuma chini ya meza ya jikoni, akasema, "Hii haifunguliwi mpaka watu waje. Nitaifungua mbele yao, nitaonja mimi, ndipo wale wao." Na hilo halikuhitaji maelezo. Kwao, na kwa wengi wetu, aliyeleta kitu cha kunywesha au kulisha watu anaonja kwanza mbele ya macho yao, ili asiwepo wa kujiuliza kimetiwa nini. Tukapanga Jumamosi, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, tuwaite watu waje kumsalimia mgeni.

Sasa huyo kaa. Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumempeleka Tunu baharini, Ocean City, na kule kwenye maduka ya pembeni ya ufuko wanauza wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya kombe la konokono, wanatembea na nyumba mgongoni, na makombe yenyewe yamepakwa rangi. Tunu akamtaka mmoja mwenye mistari ya njano. Kassim akampa jina Sultani, kwa sababu anakaa nyumba nzuri, analala mchana na kazi hafanyi. Tukamnunulia sanduku la kioo, mchanga, kifuu cha nazi cha kujifichia, na vile vidonge vikavu vya dukani vya kula.

Lakini Tunu alikuwa mtoto wa kompyuta. Akagundua kwamba wenye kaa kama hawa wana baraza lao kwenye intaneti, na pale barazani vidonge vya dukani wanavisema vibaya sana, vina dawa, mpe kaa chakula cha asili, mpe matunda, mpe mwani, na zaidi ya vyote mpe vitu vya mzinga, yaani asali mbichi isiyopashwa moto, chavua, kipande cha sega. Nikamwambia tunayo asali kabatini, ile ya chupa ya dubu. Akaniangalia kwa huruma. "Mom, that one is cooked. Bibi ana the real one. Can you ask her?"

Nikasema nitamwomba, na ndipo nilipokosea. Kwa sababu jiulizeni nyie, mama mkwe ambaye hajawahi hata kukutania, unamwendea vipi unamwambia mama, naomba asali uliyoibeba kutoka Tabora, ile uliyosema isifunguliwe, nataka nimpe mdudu? Nikamwona kabisa anavyonitazama. Basi Jumatano nimerudi kazini (nilikuwa nahudumia wazee, na siku ile mmoja alikuwa amenimwagia supu), mama yuko chumbani anaswali, nikapiga magoti chini ya meza, nikabandua mkanda taratibu, nikakata kipande cha sega kama ukucha wa dole gumba, nikarudishia mkanda. Nikampelekea Sultani. Jamani yule kaa! Akatoka, akasogea, akawa anamega kwa gando na kupeleka mdomoni, anamega na kupeleka, kama mtu mzima na ugali wake. Tunu akanikumbatia. Akauliza, "Bibi said yes?" Nikasema mmh. Mmh si uongo kamili.

Alhamisi Sultani hakula. Ijumaa hakutembea. Jumamosi asubuhi naenda kumtazama, kombe lile la mistari limelala ubavu, na pembeni yake juu ya mchanga, mwili. Miguu yote, magando yote mawili, mpaka vijicho vyake kwenye vile vijiti vyake. Hatua mbili kutoka kwenye mabaki ya sega.

Nilikaa chini. Akili yangu, ambayo kwa kweli ikitakiwa haipatikani, siku ile ilikuja yote kwa pamoja. Nikasema, barazani kule watu wanawapa kaa wao asali na wanaishi, kwa hiyo asali si mbaya, ila hii. Kwa nini hii? Tabora wanalima tumbaku. Tumbaku inapigwa dawa. Nyuki hasomi maandishi kwenye kopo la dawa, yeye anaona ua anatua. Na leo saa kumi watu arobaini wanakuja kulambishwa hiyo hiyo asali, na wa kwanza kuionja ni mama mwenyewe.

Mtu mwenye busara angesema pale pale. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya aibu. Nikisema asali ina sumu nitaulizwa nimejuaje, na nikisema nimejuaje mimi ni mwizi, na si mwizi tu, ni mkwe aliyemwibia mama mkwe halafu akamwambia zawadi yako ni sumu. Miaka kumi ya kusubiri utani ingeishia hapo. Kassim alikuwa amekwenda kuchukua nyama ya mbuzi, simu yake hapokei. Nikamfikiria rafiki yangu Nyambura, Mkenya, nesi, mtu wa kichwa kilichotulia, nikasema nitamwonyesha yeye kimyakimya akija, ataniambia la kufanya. Nikauchukua mwili kwa kijiko (nilikuwa siwezi kuushika, na kombe ndiyo kabisa sikuligusa), nikaufunga kwenye karatasi ya jikoni, nikautia kwenye mkoba wangu. Sanduku nikalifunika kanga. Tunu nikamwambia Sultani anapumzika, asifunue.

Na Nyambura, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa popote, siku hiyo akazuiliwa kazini.

Ukumbi ulijaa. Mbuzi ameiva, watoto wanakimbizana, muziki unalia, kina mama wanamzunguka Bi Nyamizi wakimuuliza habari za nyumbani, na mimi nimebana mkoba kwapani naangalia mlango. Saa kumi na moja Kassim akazima muziki. Ndoo ikawekwa mezani. Mama akasimama, mdogo wa umbo, kanga mpya, akabandua mkanda mbele ya watu wote, akasema, "Wanangu, sikuja mikono mitupu. Hii ni ya mizinga ya marehemu baba yake Kassim, bado ipo juu ya miti na nyuki hawajahama. Bismillahi." Akalamba kijiko. Watu wakapiga makofi.

Mimi nikawa nahesabu moyoni. Hakuanguka. Nikajiambia sumu nyingine zinachukua muda, Sultani alichukua siku tatu.

Wa pili alikuwa Mzee Kiondo, ndiye mkubwa wetu pale, akala vijiko vitatu na kufumba macho. Wa tatu Papa Lukusa, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya pili. Wa nne akasogea Tunu wangu, kidomo wazi, na bibi yake anamwinamia na kijiko, asali inaning'inia.

"Tunu, acha! Msile! Msile, asali ina sumu!"

Sauti ile hata mimi sikujua kama ninayo. Ukumbi ukanyamaza, mtoto mmoja tu akaendelea kucheka huko nyuma kisha naye akaacha. Papa Lukusa akatema kwenye leso. "Poison? Poison namna gani, mama?"

Kassim akanijia. "Mwajuma, unasema nini wewe?"

Bi Nyamizi hakusogea. Alikuwa bado ameshika kile kijiko, na macho yake nilitamani yangekuwa ya hasira, maana yalikuwa ya mtu aliyepigwa. Akasema taratibu, "Mkwe. Umesemaje?"

Basi nikafungua mkoba, nikakunjua karatasi mezani, nikamtoa marehemu mbele ya watu arobaini, miguu juu. "Huyu alikula," nikasema, na machozi yakaanza. "Sultani alikula hii asali, amekufa."

Ndipo dunia ikapinduka. Wengine wanakimbilia mlangoni, wengine wanauliza Sultani ni nani, Mzee Kiondo ameketi chini akisema kwa sauti ya wosia, "Mimi nimekula vitatu. Vitatu! Mpigieni mwanangu Houston, mwambieni lile shamba la Handeni ni la dada yake." Kijana mmoja dirishani ameshapiga 911 anapiga kelele, "Poison! Many people! Old man!" Na katikati ya hayo Nyambura anaingia na nguo zake za kazi, anakuta watu wanalia, mbuzi hajaguswa na mimi nimesimama mbele ya maiti ya kaa.

"Wait, wait, tulieni," akasema. "Nani ameumwa, na anaskia nini?" Akamshika Mzee mkono, akahesabu mapigo. "Mzee, moyo wako unapiga poa kuliko wangu. Keti vizuri." Akamtazama mama, mama hana kitu. Akaja mezani, akamwinua kaa kwa kidole, akamshikilia kwenye mwanga wa taa. Akakunja uso. "Mwajuma. Huyu ako empty. Hana nyama ndani. Ni kama koti tu, mwenyewe ameenda."

Tunu akapenya katikati ya watu, akaangalia, na yule mtoto, badala ya kulia, akaruka. "Mom! That's not him! That's his old skin! He molted!"

Kumbe hawa viumbe wanajivua gamba kama nyoka anavyojivua ngozi, lote kwa mpigo, miguu na magando na mpaka kifuniko cha macho, halafu mwenyewe anarudi ndani kabisa ya kombe lake akiwa laini, anasubiri gamba jipya likauke. Tunu alikuwa amelisoma hilo kwenye baraza lile lile. Mimi nilikuwa nimesoma habari za chakula tu, nikafunga kompyuta.

Kassim na Tunu wakapanda juu mbio. Wakati wanalishusha sanduku lile, baba ameshika kama amebeba mayai, mtoto anamwamrisha pole pole baba, don't shake him, nje king'ora kikawasili. Siyo gari la wagonjwa tu. Gari la zimamoto, lile jekundu refu, na wanaume wanne wenye mabuti. Wa mbele akaingia, akauliza mgonjwa ni nani. Mzee Kiondo akainua mkono.

Nyambura akawaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko nilivyostahili, na wakati anaeleza, Tunu amepiga magoti amemulika tochi ndani ya kombe la mistari ya njano bila kuligusa. "Look," akasema. Tukainama wote, mimi, Kassim, Papa Lukusa, na yule mtu wa zimamoto na kofia yake. Ndani kule, waridi waridi, laini kama mtoto mchanga, kagando kadogo kakasogea. Halafu macho mawili meusi yakatutazama.

Sijui niwaeleze vipi nilivyofurahi. Nilishika meza nikasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, sijui mara ngapi, kaa mzima, mama mzima, mzee mzima, mwanangu mzima, hakuna aliyekufa isipokuwa heshima yangu. Yule mtu wa zimamoto akamwambia Tunu binti zake wana kaa kama huyu wawili nyumbani, asimguse, asiache mchanga ukakauka. Akampima Mzee presha kwa usalama, akatutakia jioni njema, wakaondoka. Hakunisema hata neno. Ingekuwa afadhali angenisema.

Nikadhani yameisha.

"Sasa," akasema Bi Nyamizi. Alikuwa amekaa, kijiko kiko mapajani. "Asali nimeifungua hapa, leo, saa kumi na moja. Huyu kaa aliila lini?"

Kassim akanitazama. Tunu akanitazama, naye ameshaielewa ile mmh yangu. Nikaona hakuna pa kukimbilia, nikapiga magoti mbele yake pale pale kwenye vigae. "Nilikata mimi, mama. Jumatano. Kidogo. Niliona aibu kukuomba kwa ajili ya mdudu. Nisamehe."

Akasema, "Jumatano hiyo hiyo nilijua. Mkanda ulirudishwa kinyume. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe mkwe ana mimba, anatamani asali, anaona haya kusema." Akanikagua tumbo kwa macho. "Siku tatu namwombea mtoto wa kiume. Kumbe namwombea kaa!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Kiondo, halafu ukumbi mzima ukaangua, na mimi kule chini sijui nicheke au nilie, nikafanya vyote. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Akasimama, mikono kiunoni, akawageukia watu.

"Mnawaona Wazaramo? Tangu mababu zetu wabebe mizigo kushuka pwani, Mzaramo anamsubiri Mnyamwezi njiani na kisu! Nimevuka bahari nzima nimkimbie, nimemkuta jikoni kwa mwanangu, chini ya meza!" Watu wanapiga meza. "Ungekuwa mkwe tu, Mwajuma, leo ungenitambua. Lakini mtani akichukua kitu cha mtani hadaiwi. Inuka, mwizi wewe."

Nikainuka, na mnajua nilichokuwa nafikiria? Nilikuwa nafikiria, kanitania. Mbele ya watu wote, kanitania.

Akaniwekea kijiko mkononi. "Mimi nilionja, wakaniamini. Shaka umeitia wewe, na wewe ndiye wa kuitoa. Onja."

Nikaonja. Ilikuwa asali ya msituni, ina uchungu kidogo wa moshi mwishoni, na mpaka leo sijala tamu kama ile. Kisha nikazunguka na ndoo, mtu mmoja mmoja, arobaini, kila mmoja ananiuliza kwanza kama kaa wangu anaendeleaje ndipo afungue mdomo. Wa kwanza alikuwa Tunu. Papa Lukusa aliomba nionje tena mbele yake, nikaonja. Mzee Kiondo alikula cha nne, akasema yule wa Houston aambiwe shamba bado ni lake mwenyewe.

Kwa hiyo nimeapa mambo mawili. Sifungui kitu cha mtu kabla ya mwenyewe kukionja, hata kama ni cha kumpa malaika. Na simtangazi mtu amekufa mpaka nichungulie ndani ya nyumba yake.

Bi Nyamizi alirudi Tabora mwezi uliofuata, akatuachia sega moja ndani ya kopo aliloliandika kwa mkono wake, "La Sultani." Kadi za simu ni zile zile, dakika zinaisha vile vile. Nampigia, nasema shikamoo mama, na yeye anaitikia, "Marahaba, mwizi wangu. Sultani hajambo? Amehama kombe? Na wewe umeiba nini wiki hii?" Nami namjibu, naye ananirudishia, tunacheka, mpaka ile sauti ya mwanamke wa kadi inasema imebaki dakika moja, na Kassim amesimama pembeni amenyoosha mkono anasubiri simu, na mama bado hajamuulizia.